Kulabu ya Mwisho

Siku ya kwanza nilimkosea kabla sijavua hata koti. Nilimwita bibi.

Kwetu Voi mwanamke wa miaka themanini na ushee humtaji jina, na mimi nilifunzwa adabu. Aliyenifungulia mlango alikuwa binti yake, mhandisi, mwenye haraka, funguo za gari tayari mkononi. Mama mwenyewe alikuwa amekaa dirishani, mguu mmoja juu ya kigoda, midomo imepakwa rangi nyekundu saa mbili asubuhi. Nikainama kidogo nikamsalimu kwa Kiingereza changu cha upole. Alinitazama kutoka viatu mpaka kilemba.

"Wajukuu wangu wenyewe hawaniiti bibi," akasema. "Mimi na wewe tumezaana wapi?"

Binti akanivuta jikoni kunieleza. Kwao Hungaria mwigizaji wa jukwaani ana namna yake ya kuitwa, neno moja lenye maana ya mama msanii, na huitwa hivyo dukani, hospitalini, hata na polisi wa barabarani. Mama yake alikuwa ameitwa hivyo kwa miaka hamsini, tena alikuwa maarufu, si maarufu wa kujisemea. Nilijaribu lile neno la Kihungari mara tatu, likanishinda. Tukakubaliana nimwite Bi Msanii, kwa Kiswahili, naye akaliridhia kwa sababu alisema linaimbika.

Hiyo ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu. Kazi yangu ilikuwa ile ambayo Wakenya wengi wa Toronto tumeipitia na wachache tunaitaja kwa sauti: kutunza wazee majumbani mwao. Nyumbani nilikuwa mwalimu. Hapa nikawa mtu wa kuosha, kuvisha, kusugua miguu na kukumbusha dawa. Kila asubuhi nilitoka Regent Park, ambako walikuwa wanabomoa majengo ya zamani na kujenga mapya, nikapanda tramu, kisha treni ya chini, mpaka St. Clair alikokuwa anaishi. Nyonga yake ilivunjika kwenye barafu mbele ya duka la mikate, ikatiwa vyuma, na mimi nikaajiriwa kumfundisha kuuamini mguu ule tena.

Alikuwa mgumu. Alinung'unikia chai yangu, sketi yangu, jinsi ninavyokunja taulo. Lakini alishukuru. Sijapata kuona mtu wa kushukuru kama yule. Ukimpa kijiko, "köszönöm", ukimfunga kifungo, "köszönöm", ukimwokotea miwani aliyoitupa mwenyewe kwa hasira, "köszönöm". Ndilo neno langu la kwanza la Kihungari, na kwa miezi mingi lilikuwa la pekee.

Maisha yake nilisimuliwa vipande vipande nikiwa nimeshika mguu wake. Mimi ni mtu wa kanisa. Sikujua opereta ni mnyama gani. Akaniambia ni mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, mapenzi, watu wanaovaa vizuri kuliko uwezo wao, na mwisho mwema. Baba yake alikuwa mtu wa kubadilisha njia za treni katika mji mdogo kando ya mto. Yeye alianza kuimba kwenye chumba cha kungojea abiria. Akiwa na miaka kumi na saba alijiunga na kundi la kuzungukia miji, akawa mmoja wa wasichana wa nyuma wanaobeba vikapu vya maua ya karatasi. Siku moja mwimbaji mkuu akala aiskrimu nyingi akapoteza sauti, na msichana wa nyuma akaonekana anajua nyimbo zote, kwa kuwa alikuwa amesimama pale nyuma akizisikiliza kila siku kwa wivu.

Gauni la mwimbaji mkuu lilikuwa pana. Mvalishaji wa kundi, mwanamke mnene mwenye pini mdomoni, alilibana huku na huku, akafunga kulabu zote mgongoni, akamgeuza, akamnong'oneza neno, akamsukuma kwenye taa. Baada ya hapo yule mvalishaji hakumwacha. Alikwenda naye Budapest, akamvalisha miaka thelathini.

Wakati wa vita kuu ya pili paa la ukumbi wao lilibomolewa, naye akaimba amevaa koti na glavu, watu wakilipa kiingilio kwa kipande cha kuni kila mmoja. Baadaye mumewe, mpiga fidla, alimtazama kutoka shimo la wanamuziki lililo mbele ya jukwaa kwa miaka ishirini kabla ya kufariki. Nyimbo zake zilipigwa redioni mpaka wapishi wakaunguza vyakula. Hilo la wapishi alilisema yeye na sikuona sababu ya kubisha.

Halafu ukumbi ukafungwa kwa matengenezo. Waliambiwa miezi sita. Ulipofunguliwa ilikuwa imepita miaka minne, wakubwa walikuwa wapya, waimbaji walikuwa vijana, na hakuna aliyempigia simu. Siku ya kufungwa alikuwa amechukua gauni la mchezo wa mwisho kwenda kulishona pindo nyumbani. Gauni hilo lilibaki kwake, akaja nalo alipomfuata binti yake Kanada. Mahameli ya kijani kibichi, kulabu ishirini na mbili mgongoni, lilikuwa limening'inia kwenye kabati la St. Clair ndani ya mfuko wa nailoni.

"Mimi sikustaafu," aliniambia. "Nilitoka kununua uzi, nikakuta mlango umefungwa."

Alisema hivyo bila kulia, akiwa anajitazama kwenye kioo cha mkononi. Wenzake wote waliagwa. Kwao mwigizaji mkubwa hupewa siku yake ya mwisho, anaimba, anainama, watu wanampigia makofi mpaka wenyewe wachoke. Yeye hakuinama mara ya mwisho. Nilikuja kuelewa kwamba ndicho kitu pekee alichokuwa anakitaka duniani, na kwamba mazoezi yote ya mguu alikuwa akiyafanya kwa ajili hiyo. Mimi nilidhani anataka kufika sokoni.

Kila siku saa nne kamili alipasha sauti. Ilikuwa imebaki nusu. Ya chini ilikwaruza, ya juu ilifika ikitaka, na isipotaka alilipiga kwa hasira lile paja lisilo na vyuma. Mara nyingine aliyasema vibaya makofi ya Kanada: kila mtu na lake, kisha wanatafuta makoti. Kwao, alisema, watu huanza ovyo, halafu bila kuambiwa wanaingia mdundo mmoja, ukumbi mzima, na kasi inapanda. Nikamwambia hilo kwetu si geni. Shuleni tulipiga makofi kwa kilo. Mgeni wa kawaida kilo moja, mkuu wa wilaya kilo tatu. Nikampigia kilo mbili pale pale kando ya kitanda. Alicheka mpaka nikaihofia ile nyonga.

Mwaliko ulikuja majani yalipoanza kudondoka. Wahungari wa Toronto wana ukumbi wao, na walikuwa wanaandaa Jumapili ya nyimbo za zamani, saa tisa alasiri. Walimwomba nyimbo tatu. Binti yake aliogopa, daktari akasema anaweza akisimama karibu na piano na fimbo yake. Bi Msanii hakuwasikiliza wote wawili. Alikuwa ameshafungua kabati. Wiki sita tulifanya mazoezi ya kutembea kwenye korido ya jengo, yeye mbele, mimi nyuma mikono imenyooshwa.

Jumapili hiyo sikwenda kanisani. Nyuma ya jukwaa kulikuwa na chumba kidogo chenye viti vilivyopangwa juu kwa juu na sinki. Nilimvalisha lile gauni. Nilifunga kulabu kutoka chini, moja moja, naye alikuwa ameshika ukingo wa sinki akipumua polepole. Nilipofunga ya ishirini na mbili akageuka.

"Sasa sema," akasema.

"Niseme nini, Bi Msanii?"

Akanieleza, akishangaa kwamba sijui. Kwao mwigizaji hatakiwi heri. Ukimtakia heri umemharibia. Anaambiwa avunjike mkono na mguu, hivyo tu, na katika ukumbi wake desturi ilikuwa kwamba anayesema ni yule aliyefunga kulabu ya mwisho. Na anayeambiwa hashukuru. Akishukuru, neno limekufa.

"Ishindwe," nikasema. "Kwa jina la Yesu."

Sikupanga. Lilitoka lenyewe, kwa sauti. Mimi nimelelewa kwamba usimtamkie mtu baya hata kwa mzaha, maana utalitafuta kulirudisha usilipate. Na huo mguu ningeutamkiaje? Nilikuwa nimeona picha yake ya eksirei, misumari na vyuma. Ni mimi niliyeushika akilia siku ya kwanza ya kuukanyagia. Nikamshika mabega, nikamwambia kwa mapenzi yangu yote, "Mungu akutangulie. Utafanikiwa. Utaimba kuliko wote."

Rangi ilimtoka usoni. Akatafuta kiti akakaa.

"Umenimaliza," akasema taratibu.

Binti yake aliingia, akasikia kilichotokea, akalisema lile neno mwenyewe huku anapunga mkono kama anayefukuza nzi. Mama akatikisa kichwa: si wewe uliyefunga. Binti akanigeukia. "Tafadhali, ni maneno tu, yaseme." Nje mpiga piano alianza wimbo, akafika mahali pa kuingia, akarudia. Akarudia tena. Bi Msanii alinitazama muda wote huo. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananingoja. Nami nikashikilia langu. Nitasema ukweli: pale nilijiona shujaa wa imani.

Mtu akatangaza ukumbini kwamba mama hajisikii vizuri. Tulisikia makofi ya pole, kila mtu na lake.

Nyumbani nilifungua kulabu zote, nikamvua kiatu kimoja, akasema köszönöm, nikamvua cha pili, akasema köszönöm. Alinishukuru kama unavyomshukuru mtu usiyemjua aliyekushikia mlango wa benki. Ningependelea anitupie kile kiatu.

Jumapili iliyofuata nilitoa ushuhuda kanisani. Nilieleza jinsi nilivyokataa kumlaani mgonjwa wangu, nikashangiliwa, mchungaji akanishika mkono. Nikarudi kukaa nikajihisi mwizi. Jioni nikampigia mama yangu Voi, ambako ilikuwa karibu alfajiri, na yeye huamka na kuku. Nilimsimulia yote nikingoja anisifu.

Akauliza, "Wewe ulipozaliwa, bibi yako alisema nini?"

Hadithi hiyo kwetu kila mtu anaijua. Kabla yangu mama alikuwa amezika watoto wawili, wote wazuri, wote waliosifiwa. Nilipozaliwa mimi, bibi aliniinua juu akasema kwa sauti ili nyumba nzima na majirani wasikie: "Katoto gani haka kabaya hivi? Umetuzalia chura. Hakafai." Na mpaka nikaanza shule alikuwa akiniita mbaya mbele za watu, kisha wakiondoka ananipa nyama iliyofichwa.

"Alikuwa anakuapiza?" mama akauliza.

"Hapana."

"Sasa alikuwa anafanya nini?"

Nikamwambia aniambie yeye.

"Alikuwa anakuficha," mama akasema. "Huyo mama wa watu alikuomba umfiche, wewe ukamwanika."

Nililia kwenye simu, na nilikuwa natumia kadi ya dakika chache.

Kesho yake nilifika St. Clair mapema. Bi Msanii alikuwa amejifunika gazeti. Sikuvua koti. Nilimwambia habari za bibi yangu, za wale watoto wawili, za nyama. Gazeti lilishuka kidogo kidogo mpaka nikaona macho, kisha midomo.

"Chura?" akauliza.

"Chura, Bi Msanii."

"Bibi yako alikuwa mtu wa jukwaa," akasema. Halafu akalipandisha gazeti. "Lakini sina mwaliko mwingine. Na sauti hainingoji."

Hapo ndipo niliposhikwa na hofu ya kweli. Mlango ulikuwa umefungwa kwa mara ya pili, na safari hii mimi ndiye niliyeufunga. Nilichukua namba ya ukumbi kwa binti yake nikawapigia mwenyewe, mimi Mkenya na Kiingereza changu, nikawaambia kosa lilikuwa langu. Walinisikiliza kwa heshima wakasema labda majira ya kuchipua. Majira ya kuchipua Toronto yako mbali sana ukiwa na mwanamke wa umri ule na baridi iko mlangoni. Nilimlinda msimu wote wa baridi kama yai. Mafua ya binti yake yalikaa nje ya mlango, nilikataa kabisa yaingie. Kila siku saa nne alipasha sauti, na nilisikia mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba ile ya juu sasa ilikuwa inakuja siku mbili kwa wiki.

Watu wa ukumbi walipiga simu barafu ilipoanza kuyeyuka.

Chumba kilikuwa kile kile, sinki lile lile. Nilifunga kulabu kutoka chini. Ya ishirini na mbili niliifunga mara tatu. Yeye alikuwa ametulia. Alikuwa amenifundisha lile neno kwa Kihungari wiki nzima, nami nililijua, lakini nikaona nikilisema kwa lugha nisiyoihisi nitakuwa nimejificha mimi badala ya kumficha yeye. Nikazunguka nikasimama mbele yake.

"Uvunjike mkono, Bi Msanii," nikasema kwa Kiswahili. "Uvunjike na mguu. Huo wenye vyuma na huo mzima pia."

Machozi yalikuwa yananitoka. Hakujua hata neno moja la yale niliyosema, na aliyajua yote. Nikaona mdomo wake unafunguka. Nikaiona köszönöm inakuja, ile ya vijiko na vifungo na miwani, imefika kabisa kwenye meno. Akafumba midomo. Aliibana mpaka ile rangi nyekundu ikabaki mstari mwembamba. Halafu akanipa fimbo.

Nilitaka kuirudisha mkononi mwake. Akaisukuma kwangu, akatoka.

Kutoka mlangoni mpaka piano ni hatua kumi na moja. Nilizihesabu kwenye mwanya wa pazia. Wimbo wa kwanza aliuimba wote, na ile ya juu ikafika. Wa pili sauti ilikatika katikati, akausema tu, kama anayemsimulia mtu jikoni, na watu wakainama mbele kwenye viti vyao. Wa tatu alisahau ubeti wa pili. Piano ikamngoja. Nilishika fimbo kwa mikono miwili. Ndipo mzee mmoja kwenye safu za mbele akaanza ule ubeti, akafuatwa na mwingine, kisha ukumbi wote wa mvi ukawa unaimba, na Bi Msanii amesimama mkono juu, anawaongoza, anawakemea kwa macho wanaochelewa.

Makofi yalianza ovyo. Kisha nikasikia yanajipanga, safu kwa safu, yakawa moja, yakaongeza mwendo. Nikabana fimbo kwapani nikapiga na mimi, kilo nazijua. Aliinama. Aliinama chini sana, kuliko alivyoruhusiwa na daktari na mimi, akakaa huko, na akainuka mwenyewe.

Alipoingia chumbani alikaa kwenye kiti, akataka maji. Nilimpa. Akanywa yote.

"Sasa nimestaafu," akasema. "Köszönöm." Kisha akaninyooshea kidole. "Hiyo ni ya maji."

Aliishi miaka minne baada ya hapo, na mimi nilikaa naye yote. Alifariki asubuhi moja kitandani mwake, midomo imeshapakwa. Binti yake alinipigia akaniomba, kama naweza, nimvalishe mama. Nyumba ya maziko ilikuwa mbali, tulikwenda kwa gari lake, gauni la kijani kwenye kiti cha nyuma.

Alikuwa amepungua, gauni limekuwa pana. Binti alilibana kwa pini pembeni. Mfanyakazi wa pale, kijana mwenye adabu, alituambia kwamba kwa kawaida nguo huchanwa nyuma, ni rahisi, hakuna anayeona mgongo. Nikamwambia hapana. Akatusaidia kumlaza ubavu, na mimi nikafunga kulabu kutoka chini, moja moja, zote ishirini na mbili. Mgongo wake ulikuwa wa baridi na ngozi yake laini ile ile niliyoipaka mafuta miaka yote.

Tukamgeuza. Nikamweka nywele sawa. Binti yake hakwenda popote. Alisimama miguuni akinitazama, na nilijua anangoja nini. Nikainama karibu na sikio la mama yake nikamwambia, kwa Kiswahili, avunjike mkono na mguu.

Tulingoja kidogo, sisi wawili. Bi Msanii, aliyeshukuru hata kwa kijiko, hakushukuru.